Kitengela au Athi River: Makao Haya ni ya Nani?



Katika semina za wanandoa tumezoea maswali juu ya fedha, wakwe, watoto na ulevi. Siku hizi kuna swali jingine linalorudi kila mara, nalo laonekana dogo: tununue wapi? Watu wameweka akiba katika chama cha ushirika miaka kumi, mkopo umekubaliwa, fundi ameshatajwa, kisha bwana anataka huku na bibi anataka kule, na kati ya huku na kule ni mwendo wa dakika chache kwa matatu. Wapo wanaocheka wakisikia kwamba wenzi wamenuniana kwa ajili ya maeneo mawili yanayopakana. Mimi sicheki. Nimeingia katika nyumba mpya ya mawe, mabati yanang'aa juani, na ndani yake nikakuta watu wawili wasiosemezana.

Nitachukua mfano wa Kitengela na Athi River, kwa kuwa wengi wanaotafuta ploti upande huo wa Nairobi hujikuta wakiyapima hayo mawili. Anayetoka mjini kwa barabara ya Mombasa hupita Mlolongo, hufika Athi River, na akikata kuingia barabara ya Namanga, baada ya kilomita chache yuko Kitengela. Pengine hakutambua kwamba amevuka mpaka. Athi River iko Kaunti ya Machakos na Kitengela iko Kaunti ya Kajiado. Kwa upande wa Kanisa vilevile amevuka, maana ametoka Jimbo la Machakos akaingia Jimbo la Ngong.

Athi River ni mji wa viwanda tangu zamani. Kuna saruji, kuna Tume ya Nyama ya Kenya iliyoanza mwaka 1950, na baada ya sheria ya 1990 kukaja eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, ambalo lilileta maelfu ya wafanyakazi vijana, wengi wao akina mama wa cherehani. Kitengela ilikuwa malisho ya Wamaasai. Ranchi ya jamii iligawanywa mwaka 1988, kila familia ikapewa sehemu yake, na tangu hapo ekari zikawa ploti na ploti zikawa mitaa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji wa Kitengela. Maeneo yote mawili yana udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hivi kwamba fundi mwaminifu huuchimba wote na kuuondoa kabla ya kuweka msingi. Maji ya visima katika nchi hiyo ya tambarare mara nyingi huwa na chumvi, na penye madini ya floridi kwa wingi meno ya watoto huwa ya kahawia. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 huanzia Mlolongo, basi inawafaa wa pande zote mbili, mradi wawe na cha kulipa.

Kwa hiyo anayeniuliza ni upande gani ulio bora, simjibu. Swali hilo halina jibu mpaka tujue ni nani atakayeishi hapo na siku yake itakuwaje.

Niwaeleze habari za wenzi fulani, ambao nimewabadilisha kidogo wasitambulike. Bwana hufanya kazi katika eneo la viwanda la Nairobi. Bibi ana cherehani mbili katika kibanda cha kukodi Athi River, naye hushona sare za shule. Wana watoto watatu, na wa mwisho ana pumu. Bwana alikuwa amepata ploti ya futi 50 kwa 100 ndani ya Kitengela, kama kilomita tano kutoka kwenye lami. Bibi alitaka nyumba ya vyumba viwili iliyokwisha kujengwa Athi River, isiyo na uwanja hata wa kuanikia nguo. Fedha zilitosha moja tu.

Hoja zao zote mbili zilikuwa za haki. Bwana alisema vumbi la viwanda linamtesa mtoto, na kwamba Kitengela kuna nafasi ya kufuga kuku na ya kuongeza chumba siku mama yake mzazi atakapozeeka. Bibi alisema wateja wake wako Athi River, shule ya watoto ni ya kwenda kwa miguu, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi hauruhusu hata bodaboda kupita, sembuse lori la maji. Walikuwa wamebishana miezi mitano. Katika mwezi wa tano bwana alitamka neno ambalo wengi mnalijua: mimi ndiye ninayelipa mkopo.

Niliwaomba kila mmoja achukue karatasi aandike Jumanne yake, saa kwa saa, kwanza kama wangekaa Athi River, kisha kama wangekaa Kitengela. Karatasi ya bwana ilikuwa fupi. Kote kuwili anaamka saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku, tofauti ni dakika ishirini hivi. Karatasi ya bibi ilijaa mbele na nyuma, kwa sababu zilikuwa siku mbili za watu wawili tofauti: mmoja ana kazi yake na majirani zake, mwingine anangoja lori la maji, anatembea kilomita tano na mtoto mgongoni, na anaanza kutafuta wateja upya akiwa na miaka thelathini na minane. Bwana aliisoma akanyamaza. Aliona kwamba yeye angelala Kitengela, lakini mkewe ndiye angeishi Kitengela.

Msidhani bibi alishinda. Karatasi yake nayo ilikosa kitu. Hakuandika popote zile saa za usiku ambazo mtoto huamka akihema kwa shida, na sababu ni kwamba anayeamka na kumkalisha mtoto mapajani mpaka apumue vizuri ni baba yake. Bibi alikuwa hazihesabu saa hizo kwa kuwa hazikuwa zake. Ndipo wote wawili wakaona kwamba kila eneo lina bei ya pili isiyoandikwa katika mkataba, na bei hiyo hulipwa kila siku na mtu fulani wa nyumbani.

Swali la maadili, basi, ni hili: je, anayelipa kwa shilingi ana neno zito kuliko anayelipa kwa siku zake? Mimi nasema hapana, na siyo mimi peke yangu.

Sheria ya nchi yenyewe, ile ya Mali ya Ndoa ya 2013, inapotaja mchango wa mwenzi haitaji fedha tu. Inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa nyumba, hata kuwa mwandani wa mwenzako. Ni kweli kwamba Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilieleza kwamba ndoa ikivunjika mali haigawanywi nusu kwa nusu bila kuangalia mchango, lakini mchango huo wa jasho lisilo na mshahara bado ni mchango. Lakini mambo ya mahakama ni ya watu walioachana, na mimi nazungumza na wanaotaka kukaa pamoja.

Tuitazame sheria ya Kanisa, ambayo waamini wengi hawajaisikia katika jambo hili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 93, ilisema kwamba mke asiyetengana kihalali na mumewe anahesabiwa, atake asitake, kuwa na makao ya mumewe. Mume alipokuwa, ndipo palipokuwa kwao. Sheria mpya ya 1983 haikuendelea na neno hilo. Kanuni ya 104 inataka wanandoa wawe na makao ya pamoja, basi. Haisemi tena makao ya nani. Badiliko hilo la maneno machache lina uzito mkubwa. Ikiwa makao si ya mume wala ya mke bali ni ya pamoja, hapana budi yapatikane kwa njia ya pamoja. Mwanamume anayechagua mahali peke yake na kumleta mkewe kuonyeshwa ukuta umekwisha simama, anaishi bado chini ya sheria iliyofutwa. Na mwanamke anayenunua kwa siri kwa fedha za chama chake, akitumaini mume atalainika baadaye, naye yumo humo humo. Katika miaka hii wa namna hiyo si wachache.

Wengine hunijibu kwa Abrahamu na Loti, katika kitabu cha Mwanzo sura ya 13. Ni mfano mzuri, maana ndio mgogoro wa kwanza katika Biblia wa kuchagua kati ya maeneo mawili yanayopakana. Wachungaji walikuwa wakigombana, nchi haikutosha. Abrahamu ndiye mkubwa, angeweza kuchagua kwanza, lakini alimwachia mpwa wake. Loti akainua macho, akaliona bonde la Yordani lina maji ya kutosha, akalichagua. Alichagua kwa macho, kama sisi tunavyochagua ploti Jumapili mchana wakati wa jua. Watu wa Sodoma hakuwachunguza.

Lakini kuna jambo ambalo sisi walimu wa dini hulipita haraka. Maandiko hayasemi kwamba Loti alimwuliza mkewe. Mke wa Loti tunamkuta kwa mara ya kwanza sura ya 19, siku ya kukimbia, na neno tunalolikumbuka juu yake ni kwamba aligeuka nyuma akawa nguzo ya chumvi. Huwa nawauliza akina baba: ni nani aliyempeleka Sodoma? Simtetei, kwa maana katazo lilikuwa wazi. Nasema tu kwamba bei ya uchaguzi ule ililipwa na mama huyo na mabinti zake kabla Loti mwenyewe hajaimaliza kuilipa.

Na Abrahamu aliyeachia? Akina mama wengi wamefundishwa kwamba kuachia ndiyo fadhila, nao huachia kila kitu. Angalieni vizuri alivyofanya. Kwanza aliutaja ugomvi kwa jina lake, mbele ya mwenzake, bila kuzunguka. Aliitaja nchi yote iliyokuwa mbele yao. Baada ya hayo ndipo alipoachia. Alitoa kitu kilichokuwa mkononi mwake, naye alijua anatoa nini. Mke anayesema "sawa tu, wewe ndiwe unayejua" kabla hajasema anachotaka, au mume anayesema "fanyeni mnavyotaka" na kutoka nje, hajatoa chochote. Ameandika deni, na deni hilo litadaiwa kwa riba siku maji yatakapokatika.

Mtume Paulo katika barua kwa Waefeso, kabla hajafika kwenye ule mstari ambao waume huukariri kwa kichwa, katika sura ya 5 mstari wa 21 anawataka Wakristo wote watiiane kwa kumcha Kristo. Hayati Papa Fransisko naye, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alitumia kurasa kadhaa kueleza mazungumzo ya wenzi, na shauri lake moja ni la kawaida kabisa: usianze kutoa maoni yako kabla ya kuwa na hakika kwamba umesikia yote ambayo mwenzako alitaka kusema. Jaribuni. Ni vigumu kuliko kufunga siku arobaini.

Je, wakizungumza yote na bado hawapatani? Hapo nina msimamo ambao madalali hawaupendi: wasinunue. Dalali atawaambia leo ndiyo siku ya mwisho na kwamba kuna mtu kutoka ng'ambo amekwisha tuma fedha. Mwacheni huyo wa ng'ambo anunue. Kodini nyumba upande ule wenye mashaka, mkae humo mvua ya masika yote, kuanzia Machi mpaka Mei. Aprili ya mwaka 2024 Mto Athi ulipovunja kingo, familia za pande hizo zilihama usiku zikiacha vitu vyote, na kati ya nyumba zilizoingia maji zilikuwamo zilizojengwa na watu walioiona ploti yao wakati wa kiangazi tu. Wale wenzi wa cherehani wamefanya hivyo. Wamekodi Kitengela, lakini karibu na lami, si ndani kule. Cherehani moja imebaki Athi River na nyingine iko nyumbani. Mpaka ninapoandika haya hawajanunua popote, nao wanasemezana.

Kuna sababu nyingine ya kutokuharakisha. Mtu anayenunua ili amshinde mwenzake hachunguzi. Anataka apate karatasi mkononi aje aiweke mezani. Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya viwanja vya ndege. Oktoba 2023 tingatinga ziliingia Mavoko, katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, baada ya kesi mahakamani, na watu waliokuwa wamelipa fedha zao halali kwa wauzaji wasio na haki walikaa juu ya vifusi vya nyumba zao. Mwaka huo huo wa 2023 Mahakama ya Juu ilisema waziwazi kwamba hatimiliki peke yake haitoshi, ikiwa jinsi ardhi ilivyopatikana mwanzoni haikufuata sheria. Basi nendeni wote wawili kwenye ofisi ya ardhi kupekua daftari, nendeni kwa wakili wenu na si wa muuzaji, waulizeni wazee wa jirani historia ya mahali. Macho mawili ya ziada si mzigo. Na hati iandikwe majina yote mawili. Mwanamume akiuliza kwa nini, ajibiwe kwamba ni kwa sababu ile ile iliyofanya majina mawili yaandikwe katika cheti cha ndoa.

Juu ya parokia nitasema machache. Kwa kanuni ya 107 mtu hupata paroko wake kutokana na makao yake, si kutokana na kwaya anayoipenda. Anayehamia Kitengela moyoni akiwa bado Athi River, kila Jumapili akarudi kule, atajikuta siku ya msiba hana jumuiya ya kumchimbia kaburi wala ya kumkalia na watoto. Kabla ya kununua, ulizeni jumuiya ndogo ndogo ya mtaa ule hukutana siku gani, mwende mkasali nao mara mbili tatu. Mtajifunza habari za maji, wezi na shule kuliko atakazowaambia dalali kwa mwaka mzima.

Limebaki jambo ambalo linanigusa zaidi, nalo linahusu ndoa isiyo yenu. Upande wa Kajiado, na hata Machakos, ardhi mnayoinunua mara nyingi ni boma la mtu. Muuzaji ni baba wa familia. Sheria inasema mali ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi, na shamba la kilimo huhitaji pia kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Lakini idhini inaweza kupatikana kwa kidole gumba cha mama asiyesoma, aliyeletwa asubuhi na kuambiwa bonyeza hapa. Wenzi Wakatoliki wanaotaka makao ya pamoja watayajengaje juu ya ardhi iliyotolewa na mume wa mwingine bila mkewe kusema neno?

Wenzi wengine ninaowafahamu walinunua nusu ekari kuelekea Isinya. Kabla ya kulipa, bibi alimwambia mumewe kwamba hatatia sahihi mpaka amwone mama wa boma. Muuzaji alikasirika kidogo, kisha akamwita. Mama alikuja na binti yake wa shule ili atafsiri. Walipomwuliza kama anakubali, alikaa kimya kwa muda, akasema anakubali kuuza, kwa kuwa karo ya watoto ilikuwa imewashinda, ila ukuta usifunge njia ambayo ng'ombe na yeye mwenyewe hupita kwenda majini. Mumewe hakuwa ameitaja njia hiyo, na katika ramani haikuwamo. Wale wenzi walitazamana. Mpima ardhi akaitwa tena, mawe ya mpaka yakasogezwa ndani kwa hatua nne, bei ikabaki ile ile.